Khabari za Vyombo Vidogo Vitiwavyo Ndani ya Mwili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya jumuiya yetu, Mocímboa da Praia, baada ya sala ya Isha, yakaandikwa kwa ombi la wazee ili yatiwe katika kijitabu hiki cha ukumbusho.)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nasema: Mabwana wazee, mabibi mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mlioketi ukumbini, nimeombwa na katibu wa jumuiya yetu niseme juu ya jambo ambalo si desturi ya sheikh kulisemea. Mmezoea kunisikia nikieleza udhu, mirathi na funga. Leo nitasema juu ya betri, waya na transista. Msinicheke. Mimi sikusoma elimu ya umeme. Nilisoma chuoni kwa marehemu baba yangu, na shuleni nilikaa madarasa manne tu. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuwauliza matabibu, na kwa kusomewa na mpwa wangu afundishaye hesabu huko Pemba, ambaye amestahamili maswali yangu kwa muda wa miezi mingi.

Sababu ya maneno haya mnaijua. Mwaka 2024 alifariki ndugu yangu mkubwa, nahodha, Mungu amrehemu. Tulipomlaza juu ya kitanda cha kuoshea, waoshaji waliona chini ya mtulinga wake wa kushoto uvimbe mgumu, laini kwa juu, kiasi cha saa ya mfukoni. Mmoja akaurudisha mkono wake nyuma kama aliyegusa kaa la moto. Mwingine akasema ni hirizi ya chuma. Wa tatu, naye ni mtu mwenye akili zake, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mtambo wa kupelekea khabari, na kwamba ndiyo sababu marehemu alipita salama katika vizuizi vyote wakati wa vita. Mara wakagawanyika: hawa wanasema chombo kitolewe kwa kisu kabla ya maiti kuoshwa, na wale wanasema maiti hachanjwi. Jua linapanda, jeneza limewekwa mlangoni, na wanawake wamenyamaza wakisikiliza. Mimi nilikuwa ndani, nikatoka.

Wala hili si la maiti yule peke yake. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, mwenye ugonjwa wa sukari, aliletewa na mwanawe aliyeko Ureno kichombo cha kubandikwa mkononi kupimia sukari bila ya kujichoma kidole kila asubuhi. Jirani zake wakamwambia kwamba kitamfunguza na kwamba kitamchungulia. Akakitupa kisimani. Mwanawe alikuwa amekinunua kwa mshahara wa siku nyingi.

Ndugu zangu, sisi tumekaa katika nchi ambayo tuhuma imekwisha kuua watu. Mnakumbuka jinsi katika mikoa hii yetu ya kaskazini wagawaji wa dawa ya kusafishia maji walivyopigwa, wakidhaniwa kuwa ndio wanaoleta kipindupindu. Kwa kuwa kwa Kireno dawa ile huitwa cloro, na maradhi yale huitwa cólera, na sikio la mwenye khofu halitofautishi kati ya mawili hayo. Kisha mji wetu ukatekwa Agosti 2020, na mwaka mzima ukapita hata ukakombolewa Agosti 2021. Mtu aliyepitiwa na hayo simlaumu akiogopa kitu asichokijua kilichomo kifuani mwa jirani yake. Illa namlaumu akikataa kuambiwa kitu hicho ni nini. Basi nisikilizeni.

Kile alichokuwa nacho ndugu yangu watu wa Dar es Salaam hukiita betri ya moyo. Mwaka 2016 alikuwa akianguka na kuzimia, mara mbili nusura atumbukie baharini, kwa sababu moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno. Tulivuka Ruvuma naye, tukafika Mtwara, kisha Dar es Salaam, na huko akatiwa chombo hicho chini ya ngozi, na waya mwembamba ukapitishwa ndani ya mshipa hata moyoni. Chombo husikiliza moyo. Ukichelewa kupiga, huusukuma kwa umeme mdogo ambao mwenyewe hausikii. Hakuzimia tena hata siku moja. Alipewa kadi ya karatasi yenye jina la chombo na tarehe, na kadi hiyo aliificha katika kibweta cha tumbaku tulipokimbia kwa mashua kwenda Pemba. Tulikaa baharini siku mbili, tukashuka pwani ya Paquitequete pamoja na maelfu ya watu wengine. Aliniambia baadaye kwamba mawimbi hayakumtisha. Alichoogopa ni kupapaswa kifua penye kizuizi. Na kweli alipapaswa mara moja, akatoa kadi yake, na yule askari akamwita mwenziwe ajuaye kusoma, wakamwacha. Hiyo ndiyo siri ya kupita kwake salama.

Sasa chombo cha namna hii kilianzaje? Kilianza na mke aliyekataa kukata tamaa. Katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi, mwaka 1958, alikuwako mtu aitwaye Arne Larsson, umri wake miaka 43, ambaye moyo wake ulisimama na kuzimisha fahamu zake mara nyingi kwa siku moja. Mkewe akamwendea tabibu Åke Senning na fundi Rune Elmqvist, akawasihi wamtengenezee mumewe chombo cha kutiwa ndani ya mwili. Wakamwambia bado hakijakamilika. Akawaambia wakikamilishe. Elmqvist akachukua transista mbili, vitu ambavyo ulimwengu ulikuwa umevijua kwa miaka kumi na kidogo tu, maana ya kwanza ilifanywa Marekani Desemba 1947; akaziweka pamoja na betri ndogo, akavimiminia gundi ngumu ndani ya kopo la dawa ya viatu ili vipate umbo. Naam, kopo la dawa ya viatu. Tarehe 8 Oktoba 1958 chombo kile kikatiwa mwilini mwa Larsson. Kilifanya kazi saa chache kikafa, wakamtia cha pili. Bwana yule alibadilishiwa vyombo mara baada ya mara, ishirini na kitu kwa jumla, akaishi hata mwaka 2001, akafa na umri wa miaka 86. Fundi na tabibu wote wawili walikufa kabla yake.

Kuna jambo moja katika khabari hii ambalo mpwa wangu alinifunulia, nami nataka mlishike, kwani ndilo mzizi wa yote yajayo. Betri ile ya kwanza ilikuwa ikijazwa umeme kutoka nje ya mwili, bila ya waya kupita katika ngozi. Waya uliozongwa uliwekwa juu ya ngozi, na waya mwingine uliozongwa ulikuwa ndani. Umeme ukipita na kurudi katika ule wa nje, ule wa ndani huamka na kupata umeme wake, ijapokuwa haugusani nao. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza watu walikuwa wakijaribu kusema na chombo kilichomo ndani kwa njia ya upepo, kama wazee wetu walivyokuwa wakisema "simu ya upepo". Na mwaka uliotangulia, yaani 1957, mabwana wawili, Mackay na Jacobson, walitangaza kidonge cha kumezwa chenye redio ndani yake, ambacho kilikuwa kikipita matumboni na kupeleka nje khabari za joto na msukumo.

Wako kati yenu waliosema, "Hii ni kazi ya Wazungu, sisi hatuna habari nayo." Mimi nawauliza: nani kati yenu hajapata kuona kazi ya mafundi wa fedha wa Ibo? Nilipokuwa kijana nilimfuata baba yangu kisiwani humo, nikamwona mzee mmoja ameketi ngomeni, ananyosha uzi wa fedha. Anao ubao wa chuma wenye matundu, tundu la kwanza kubwa, la pili dogo kuliko hilo, na hivyo hivyo hata tundu la mwisho ambalo huwezi kuliona ila ukilielekeza kwenye mwanga. Uzi unapitishwa katika kila tundu hata unakuwa kama unywele wa mtoto. Kisha anauzonga kwa koleo, mzongo juu ya mzongo, hata unakuwa ua la kipuli. Pumzi yake mwenyewe aliizuia alipokuwa akiliweka ua lile, isije ikalipeperusha. Basi wafanyao vyombo hivi vidogo kazi yao ni ndugu ya kazi ile, nao pia huzonga uzi, nao pia hushindana na unene wa mkono wa binadamu. Tofauti ni kwamba fundi wa Ibo akikosea, kipuli hakiuziki; wao wakikosea, mtu hufa.

Nitawaeleza chombo kimoja, maana kukijua kimoja vizuri ni bora kuliko kuvitaja kumi. Kiliruhusiwa Marekani mwaka 2014, nacho ni kwa watu ambao moyo wao umechoka, wanavimba miguu, wanajaa maji mapafuni na kushindwa kulala chali. Matabibu waliona kwamba kabla mgonjwa wa namna hiyo hajazidiwa, siku nyingi kabla, msukumo wa damu katika mshipa utokao moyoni kwenda mapafuni huwa umekwisha kupanda. Laiti mtu angeweza kuupima kila siku! Lakini mshipa huo uko ndani kabisa, na kuufikia ni kupenyeza mpira mwembamba hospitalini. Mafundi wakafanya kichombo cha urefu wa milimita 15 na upana wa milimita tatu na kidogo, cha kuachwa ndani ya mshipa huo maisha yote.

Hakina betri hata kidogo. Ndani yake mna uzi uliozongwa na vibamba viwili vinavyotazamana, kati yao pana uwazi mwembamba mno. Wenye elimu huviita koili na kapasita. Mgonjwa hulala nyumbani kwake juu ya mto wenye antena ndani. Mto hupeleka mawimbi ya redio, na kichombo huitika kwa sauti yake, kisha hunyamaza. Sauti hiyo si ya kusikiwa na sikio, ila mnaweza kuifahamu kwa matari ya tufo. Kina mama mnajua: tari likiota moto, ngozi hukaza, na sauti yake hubadilika, mwenye sikio zuri, hata akiwa nje ya ukumbi, atajua tari limekaza au limelegea pasipo kulishika. Vivyo hivyo damu ikisukuma kwa nguvu, kibamba kimoja hubonyea na kumkaribia mwenziwe, na sauti ya kichombo hushuka. Damu ikitulia, sauti hupanda. Mto husikia, huhesabu, na kupeleka khabari kwa tabibu kwa njia ya simu. Tazameni hekima yake: mafundi wameondoa kila kilichoweza kuondolewa. Betri imeondolewa, kwa hivyo hakuna kitu cha kwisha.

Wakafanya majaribio kwa wagonjwa 550, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wote walitiwa chombo. Lakini kwa nusu yao matabibu walionyeshwa hesabu za kila siku wakapanga dawa kwa hesabu hizo, na kwa nusu ya pili hawakuonyeshwa. Wale wa kwanza walirudi hospitalini kwa ajili ya moyo kwa uchache wa karibu thuluthi kuliko wa pili. Fikirini hapo. Kioo kilikuwa kile kile katika vifua vya wote. Kilichowatofautisha ni kwamba upande mmoja alikuwako mtu wa kusoma na kutenda. Mimi nikilifikiria jambo hili hulinganisha na hali yetu hapa, ambako mgonjwa huweza kungoja siku tatu kabla hajaonana na mtu wa kumpima presha kwa mkono, nami hukosa la kusema.

Mashaka ya kazi hii ni mengi, nami nitataja yale ambayo watu wa pwani tutayafahamu upesi. Mwili ni bahari. Damu na maji ya mwilini yana chumvi, na chumvi hula chuma kama ilavyo misumari ya dau. Kwa hivyo chombo lazima kikalafatiwe kuliko dau lolote, kwa kioo safi au kwa madini kama titani, kwani nyufa isiyoonekana inatosha kukiua. Tena mwili huchukia mgeni. Huuzungushia ukuta wa kovu, na ukuta ukinenepa chombo hupima kovu badala ya damu. Na hapa nakumbusha khabari ya sahaba Arfaja, Mungu amwie radhi, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijitilia pua ya fedha, ikaharibika na kunuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atie ya dhahabu. Dhahabu juu ya mwanamume ni haramu, nayo iliruhusiwa hapo kwa kuwa haiozi ndani ya nyama. Basi atakayeniuliza kama madini kutiwa mwilini kwa matibabu ni bidaa, nitamrudisha kwa Arfaja. Na mafundi wa leo wangali wanauliza swali lile lile: madini gani hayataharibika yakikaa mwilini?

Shaka nyingine ya bahari ni hii: mawimbi ya redio hufa katika maji ya chumvi. Kadiri yanavyokuwa ya kasi ndivyo yanavyomezwa upesi. Na kadiri yanavyokuwa ya polepole ndivyo yanavyotaka uzi mkubwa wa kuyapokea, ilhali uzi mkubwa ndio tusioutaka. Huwezi kuyaongeza nguvu bila ya mpaka pia, maana nyama itapata moto; sharia ya mafundi ni kwamba ngozi ya chombo isizidi joto la mwili kwa zaidi ya digrii mbili. Kwa ajili hii wengine wameacha redio wakashika sauti nyembamba isiyosikika, ile ile itumiwayo na matabibu kutazamia mimba na na meli za uvuvi kutafutia samaki, kwani sauti hupita majini bila ya taabu. Mwaka 2016 watu wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, walitia katika mishipa ya fahamu ya panya kichombo cha milimita tatu kinachoendeshwa kwa sauti hiyo. Na mwaka 2021 wale wa Columbia, New York, walifanya kingine kidogo hata jicho haliwezi kukitambua pasipo darubini, nacho hupima joto, nao walikiingiza ndani ya panya kwa sindano. Hivi bado ni vya vyumba vya elimu. Asije mtu akawauzieni.

Nirudi kwa bibi yetu na kisima chake. Kichombo kile cha kubandika kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, hukaa siku 14, na kina uzi mfupi tu unaoingia chini ya ngozi. Husomwa kwa simu iliyokaribishwa kiasi cha vidole vitatu, wala hakijui mwenyewe yuko Mocímboa au Makka. Kiko kingine ambacho hutiwa chote chini ya ngozi ya mkono wa juu, urefu wake milimita 18. Ndani yake mna kitu kinachong'aa zaidi au kidogo kwa kadiri ya sukari, na Marekani kiliruhusiwa mwaka 2018 kukaa miezi mitatu, na tangu 2024 kinaruhusiwa kukaa mwaka mzima. Ama kufunguza, nionavyo mimi hakifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji wala hakifiki tumboni. Na udhu hauharibiki, kwani hukaa juu ya kiwiko. Katika josho la wajibu, kinachoondoleka kiondolewe, na kisichoondoleka hukumu yake ni ya bandeji, nayo mmeisoma.

Je, kinachungulia? Hapa sitawadanganya kwa kusema hapana khofu kabisa. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mtu mwenye ujuzi na vyombo, akiwa karibu, aweza kuingilia mazungumzo ya betri ya moyo na kuigeuza amri zake. Makamu wa Rais wa Marekani, bwana Dick Cheney, alizimiwa njia ya upepo katika chombo chake cha moyo kwa khofu hiyo hiyo, na jambo hilo likajulikana mwaka 2013. Na mwaka 2017 wenye betri za moyo wapatao 465,000 nchini humo waliambiwa waende kwa matabibu wao, chombo kikae mahali pake ila kibadilishiwe maagizo ya ndani, ili mlango ulioachwa wazi ufungwe. Kwa hivyo mwenye kuuliza ni nani atakayezisoma hesabu za mwili wangu na atazihifadhi wapi, ameuliza swali la haki, na tabibu yampasa amjibu. Khabari za mgonjwa ni amana. Hata hivyo kuuliza si kutupa kisimani.

Tena semeni nami juu ya umbali. Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam tangu 2015. Maputo pana hospitali ya moyo pia, lakini kutoka hapa kwenda Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Mgonjwa wetu wa moyo aliye maskini hana Dar es Salaam wala Maputo. Ana baraza la nyumba yake. Bei ya betri moja mpya humshinda mvuvi hata akiuza dau na nyavu. Ndugu yangu aliuza dau lake, na watu wawili kati ya waliomo humu ukumbini walimchangia, nao hawapendi niwataje.

Kuna jambo nililolijua baada ya mazishi, na lau ningalilijua kabla, huenda ningalisema maneno mengine asubuhi ile. Katika chuo kikuu cha Michigan, Marekani, wako matabibu waliofikiri hivi: betri ya moyo huweza kudumu miaka mingi, na wengi hufa kwa sababu nyingine huku betri ingali na nguvu. Wakaomba zile zinazotolewa kwa waliokufa, kwa ridhaa, wakazipima, wakaziosha na kuzitakasa kwa njia za hospitali, wakafanya majaribio kwa wagonjwa 298 katika nchi saba, na kati ya nchi hizo zimo Kenya na Msumbiji yetu. Nusu walitiwa mpya, na nusu walitiwa zilizotakaswa. Matokeo yalitangazwa Novemba 2024, nayo yalionyesha kwamba zilizotakaswa hazikuwa duni kuliko mpya.

Asubuhi ile niliwaambia waoshaji: muosheni kama alivyo. Niliwaeleza kwamba chombo hakinajisi wala hakizuii maji kufika katika ngozi; kwamba wachomao maiti ndio walazimikao kukitoa, kwa sababu betri hupasuka motoni, na sisi hatuchomi; na kwamba kuchana mwili wa maiti pasipo haja hakufai. Maneno hayo mpaka leo nayaona sawa. Lakini neno "pasipo haja" limenikaa kooni. Kama katika mji huu yuko kijana anayezimia baharini, na tabibu yupo wa kukitakasa na kukitia, na marehemu mwenyewe aliandika kwamba ameridhika, basi hiyo si haja? Nimewaandikia wanazuoni wenzangu wawili, mmoja Pemba na mmoja Zanzibar. Mmoja amenijibu kwamba inafaa kwa wasia na ridhaa ya warithi, kama ilivyo desturi ya kumheshimu maiti katika kukata na kushona. Wa pili anataka nimngojee asome. Mimi naelekea kwa wa kwanza.

Vijana wa sokoni mnaofungua simu kwa kioo cha kukuzia na kulehemu vitu vidogo kuliko punje ya ufuta, nyinyi ndio niliotaka msikie habari ya uzi wa Ibo. Mpwa wangu yuko tayari kuja kila likizo kufundisha hesabu za koili na kapasita; anataka meza moja, taa, na redio mbovu kumi za kuvunjwa. Redio nne zimekwisha patikana. Msichana mmoja wa darasa la nane ameniuliza kama wanawake wataruhusiwa, nikamwambia alete redio yake.

Na katika daftari la jumuiya, nyuma ya ukurasa wa sanduku la maziko, katibu amefungua ukurasa mpya. Mwenye chombo chochote mwilini na aandikishe aina yake na tarehe, ili waoshaji wasitaharuki tena. Na mwenye kutaka kuusia, na aandike wasia wake hapo mbele ya mashahidi wawili. Majina yaliyomo mpaka jioni hii ni mawili. Kalamu iko mezani kwa katibu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.